André-Marie Ampère, Mtu Aliyepima Kisichoonekana

Hakuna mtu aliyepata kuuona umeme ukipita ndani ya waya. Taa ikiwaka twaona mwanga. Mota ikizunguka twaona gurudumu. Lakini kile kipitacho ndani ya shaba macho hayakioni. Hata hivyo fundi wa Kolwezi akisimama karibu na pampu ya mgodi aweza kusema kwa hesabu umeme upitao ni kiasi gani: ampea 10, ampea 40, ampea 200. Neno hilo ampea ni jina la mtu. Mtu huyo alikuwa mwalimu, baba wa watoto wawili, na Mkristo aliyejaribiwa sana. Yafaa tuyajue maisha yake, kwa maana kila siku twatumia kazi yake bila kumjua.

UTOTO WAKE

André-Marie Ampère alizaliwa tarehe 20 Januari 1775 katika mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa. Baba yake, Jean-Jacques, alikuwa mfanyabiashara ya hariri. Mama yake, Jeanne-Antoinette, alikuwa mwanamke mcha Mungu, akamlea mwanawe katika imani Katoliki. Jamaa hao walikuwa na nyumba katika kijiji cha Poleymieux, karibu na Lyon, na huko ndiko mtoto alikokulia, kati ya mashamba na miti.

Mtoto huyo hakupelekwa shuleni. Baba yake alimfungulia kabati la vitabu, akamwacha asome alichokitaka. Naye alisoma kama mwenye njaa. Alipotaka vitabu vya hesabu vya Euler na Bernoulli akaambiwa vimeandikwa kwa Kilatini, hakukata tamaa. Alijifunza Kilatini kwanza, kisha akarudi kuvisoma. Husimuliwa pia kwamba aliisoma Ensiklopedia kubwa ya Diderot na d'Alembert, juzuu baada ya juzuu, na kwamba hata uzeeni aliweza kutaja mambo yaliyomo.

MAJONZI

Mwaka wa 1789 yalianza Mapinduzi ya Ufaransa. Baba yake Ampère alikuwa amepewa kazi ya uamuzi katika mji wa Lyon. Mwaka wa 1793 watu wa Lyon waliwaasi watawala wa Paris. Mji ukazingirwa na majeshi, ukashindwa. Ndipo wengi walipokamatwa, naye mwamuzi Ampère akiwa mmojawapo. Akahukumiwa, akakatwa kichwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule.

André-Marie alikuwa na umri wa miaka 18. Baba huyo alikuwa mwalimu wake wa pekee. Kijana akanyamaza. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi hakushika kitabu, hakujali hesabu, akatembea huku na huku kama mtu aliyepotewa na akili. Kilichomrudisha kilikuwa kitu kidogo: kitabu juu ya elimu ya mimea. Akaanza kutazama majani na maua ya Poleymieux, moja moja, na kwa kuyatazama moyo wake ukaamka tena.

Baadaye alimpenda msichana wa kijiji cha jirani, jina lake Julie Carron, wakafunga ndoa mwezi wa Agosti 1799. Mwaka uliofuata walipata mtoto mwanamume, wakamwita Jean-Jacques, jina la babu yake. Lakini tangu kujifungua Julie alikuwa mgonjwa. Mwaka wa 1802 Ampère alipata kazi ya kufundisha fizikia na kemia katika mji wa Bourg. Kwa kuwa jamaa ilihitaji mshahara, ilimpasa kwenda, akamwacha mke na mtoto Lyon. Wengi wenu mnaijua hali hiyo, ninyi ambao baba au kaka zenu wamekwenda mbali kutafuta kazi migodini. Hata alipopata kazi Lyon na kurudi nyumbani, siku zilikuwa zimekwisha. Julie alifariki tarehe 13 Julai 1803, baada ya miaka minne tu ya ndoa.

IMANI KATIKA MAJARIBU

Mwaka wa 1804 Ampère alikwenda Paris kufundisha katika shule kubwa ya Polytechnique. Huko aliheshimiwa kwa hesabu zake, na mwaka wa 1814 akachaguliwa kuwa mmoja wa Akademia ya Sayansi. Lakini nyumbani hakuwa na amani. Alioa mara ya pili mwaka wa 1806. Ndoa hiyo ilivunjika upesi, akabaki na binti mdogo, Albine, ambaye alimlea pamoja na mama yake na dada yake.

Ndugu wakatekumeni, msidhani ya kuwa mtu huyu aliamini siku zote bila taabu. Miaka ile ya Paris mashaka yalimwingia. Aliyekuwa akisali kwa bidii alipoa, akaona mambo ya imani kama yamefunikwa na ukungu. Hakufurahia hali hiyo, wala hakuwadhihaki waliosali, aliteseka. Yapata mwaka wa 1817 akarudi kwenye sala na sakramenti, na tangu wakati huo hakuziacha tena. Basi mkatekumeni ambaye moyo wake hupoa kwa siku kadhaa asijihesabu kuwa ametupwa. Njia hiyo imepitwa na watu wakubwa kuliko sisi.

SINDANO ILIYOGEUKA

Mwaka wa 1800 Volta, mtu wa Italia, alikuwa ametengeneza betri ya kwanza kwa kupanga sahani za shaba na za zinki, na kati yake vitambaa vilivyoloweshwa kwa maji ya chumvi. Watu wakapata umeme uliotiririka, lakini hawakujua namna ya kuupima. Vyombo vyao vilionyesha nguvu ya msukumo tu, na ilipokuwa betri imefungwa kwa waya na umeme unapita, vyombo hivyo vilinyamaza.

Katika Julai 1820 Ørsted, mwalimu wa Copenhagen, alitangaza kwamba sindano ya dira ikiwekwa karibu na waya upitao umeme huacha kutazama kaskazini, ikageuka. Habari hiyo ililetwa Paris na Arago, naye tarehe 11 Septemba akalionyesha jambo lenyewe mbele ya Akademia. Ampère alikuwapo, akaenda nyumbani akaanza kazi. Tarehe 18 Septemba, yaani baada ya juma moja tu, alisimama mbele ya wenzake kuwaeleza aliyokwisha kuyaona.

Vyombo vyake vilikuwa vichache: betri, nyaya, sindano za sumaku, na meza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ambayo aliiweka nyumbani mwake. Lakini aliyatazama mambo kwa makini kuliko wengine.

Kwanza, alitambua kwamba sindano huvutwa na wawili kwa wakati mmoja, waya na dunia yenyewe, kwa kuwa dunia nayo ni sumaku. Akatengeneza sindano ambayo dunia haikuweza kuigeuza. Ndipo alipoona kwamba waya peke yake huisimamisha sindano ikiukata waya kama mikono ya msalaba.

Pili, aliiweka sindano juu ya betri yenyewe, si juu ya waya tu. Sindano ikageuka hapo pia. Akajua ya kuwa umeme hauishii kwenye betri. Hupita ndani yake na kuzunguka mduara mzima.

Tatu, alitenganisha mambo mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya. Wakaaji wa Lualaba watayaelewa upesi. Pale Nzilo, mto Lualaba unapita katika korongo na kuteremka kwa kishindo. Kuna kimo ambacho maji yanaanguka, na kuna wingi wa maji yapitayo. Mto mdogo waweza kuanguka kutoka juu sana, na mto mkubwa waweza kushuka kidogo tu. Katika umeme pia kuna msukumo, ulio mfano wa kimo, na kuna mkondo, ulio mfano wa wingi wa maji. Ampère alisema kwamba sindano hutambua mkondo. Kwa hiyo akashauri ifanywe kuwa kipimo, akakipa jina la galvanometa.

Tarehe 25 Septemba aliwaonyesha jambo jipya kabisa. Nyaya mbili zikikaa sambamba, na mikondo yake ikielekea upande mmoja, nyaya hizo huvutana. Mikondo ikielekea pande mbili mbalimbali, husukumana. Hapakuwa na sumaku yoyote, ila nyaya na umeme tu. Kisha akaukunja waya kama chemchemi ya kitanda, akaona kwamba nao hutenda kama sumaku.

KUPIMA KWA MIZANI ISIYOTIKISIKA

Nguvu kati ya nyaya hizo ilikuwa ndogo mno, na chombo cha kuipima barabara hakikuwapo. Ampère alifanya kama mama wa sokoni mwenye mizani ya sahani mbili lakini hana mawe ya uzani: aweza walau kujua vitu viwili vilivyo sawa, kwa kuwa mizani haitikisiki. Aliupanga waya mmoja uliosimama wima na mwingine uliokunjwa kunjwa kama njia ya nyoka, akauweka waya mwepesi kati yao. Waya wa katikati haukwenda huku wala huku. Basi akajua kwamba hizo mbili zina nguvu sawa. Kwa majaribio ya namna hiyo, pamoja na hesabu, akapata kanuni ya nguvu kati ya mikondo, akaiandika katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1826.

Katika kitabu hicho mna jambo ambalo napenda mlikumbuke. Mwishoni Ampère alikiri wazi kwamba vyombo viwili kati ya vile alivyovichora alikuwa hajapata nafasi ya kuvitengeneza, na kwamba majaribio yake yalikuwa hayajafanyika. Hakuna aliyemlazimisha kusema. Angeweza kunyamaza akasifiwa. Lakini mtu apimaye vitu akianza kusema uongo, kipimo chake hakina thamani tena kwa mtu yeyote.

UZEE WAKE NA KUFA KWAKE

Watu wa Paris walimpenda, tena walimcheka kidogo, kwa kuwa alikuwa msahaulifu. Husimuliwa kwamba siku moja akienda kufundisha aliokota kijiwe njiani akakitazama kwa furaha. Mara akakumbuka saa ya kazi, akaitoa saa yake mfukoni. Kisha alipofika darajani akatia kijiwe mfukoni na saa akaitupa mtoni.

Mwishoni mwa mwaka wa 1831 kijana mmoja wa Lyon, Frédéric Ozanam, alikuja Paris kusoma sheria. Alikuwa na umri wa miaka 18, naye aliogopa, kwa maana wanafunzi wengi wa mji ule waliidharau dini. Ampère akamkaribisha akae nyumbani mwake. Husimuliwa kwamba siku moja Ozanam, akiwa na moyo mzito, aliingia katika kanisa la Saint-Étienne-du-Mont, akamwona mzee amepiga magoti pembeni akisali rozari. Alipokaribia akamtambua: alikuwa mwenyeji wake, yule mwenye elimu. Kijana akapata nguvu. Mwaka wa 1833 Ozanam na wenzake walianzisha Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kinachowahudumia maskini katika nchi nyingi hata leo, na tarehe 22 Agosti 1997 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Ozanam kuwa Mwenye Heri.

Mwaka wa 1836 Ampère, akiwa mdhaifu wa kifua, alisafiri kwenda kuzikagua shule za kusini, kwa maana alikuwa mkaguzi wa elimu. Akaugua katika mji wa Marseille. Husimuliwa kwamba walipotaka kumsomea kitabu cha Kumfuasa Yesu Kristu aliwajulisha kuwa alikwisha kukijua kwa moyo. Akafariki tarehe 10 Juni 1836, mwenye umri wa miaka 61. Nyumba ya Poleymieux sasa ni makumbusho ya umeme.

Mwaka wa 1881 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Paris, wakakubaliana kwamba kipimo cha mkondo wa umeme kiitwe kwa jina lake.

JINA LAKE KATIKA NCHI YETU

Basi tutazame matunda yake hapa kwetu. Mwaka wa 1952 mitambo ya Nzilo ilianza kutoa umeme kwa maji ya Lualaba, na mwaka wa 1956 ile ya Nseke. Mwaka wa 1982 ulimalizika mstari mrefu wa nyaya, yapata kilometa 1,700, uletao umeme kutoka Inga, karibu na bahari, mpaka Kolwezi. Katika kiwanda cha Luilu mkondo hupitishwa ndani ya maji yenye shaba ili shaba safi igande. Ampea 1 ikipita kwa saa 1 huweza kugandisha gramu 1.2 hivi. Shaba ile ile ndiyo hufanywa kuwa waya, na waya ukauchukua mkondo.

Tufikiri sasa juu ya kinu cha kusagia mahindi chenye mota. Kijiji kizima hupata hapo unga wa bukari. Mota ikiungua, mwenye kinu amepoteza mali, na akina mama watatwanga tena kwa mikono. Mara nyingi haiungui ghafula. Hulemewa siku nyingi, nasi hatujui kwa kuwa hakuna aliyepima. Fundi mwenye kipimo kimoja tu angeweza kuiokoa.

Kipimo hicho kina taya mbili kama koleo. Fundi huufumbata waya kwa taya hizo bila kuukata wala kuugusa ulio uchi. Mkondo wa mota kama hiyo huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, hata sindano ya dira haiwezi kuufuata. Lakini ule uwezo wa sumaku unaouzunguka waya huingia katika chuma cha taya, ukaamsha mkondo mdogo katika waya uliozungushwa ndani yake, na hesabu ikaonekana. Ni jambo lile lile alilolichungua Ampère mezani pake.

Kwanza fundi husoma kibao kidogo kilichopigiliwa kwenye mota. Hapo pameandikwa ampea ambazo mota yaweza kuzichukua. Mota ikiwashwa, kwa sekunde chache huvuta mkondo mkubwa, pengine mara tano au zaidi. Asiogope, angoje itulie. Kisha hupima akilinganisha na kibao. Ikizidi, mota imelemewa: labda mahindi yametiwa mengi mno, labda mikanda imekazwa kupita kiasi, labda beringi zimekwama.

Mota yenye nyaya tatu, kila waya hupimwa peke yake. Zikifumbatwa zote tatu pamoja, kipimo huonyesha sifuri au karibu na sifuri, kwa maana kila mmoja hutangua kazi ya wenzake. Hesabu tatu zikaribiane. Waya mmoja ukiwa hauna mkondo, mota huvuma kwa sauti nzito, na hizo mbili zilizobaki hubeba mzigo wote. Hapo izimwe mara moja, la sivyo itaungua.

Na kama mkondo ni mdogo, kipimo kisiweze kuusoma vema, fundi huupitisha waya ndani ya taya mara tano, kisha huigawanya hesabu kwa tano. Hila hiyo ni ya zamani: mwaka ule wa 1820 Schweigger, mtu wa Ujerumani, aliuzungusha waya mara nyingi kuizunguka sindano ili ageuze udhaifu kuwa nguvu.

Lakini angalieni, ndugu zangu. Kazi hiyo ni ya aliyefundishwa. Umeme hausamehe mtoto wala mtu mzima. Asiyejifunza asifungue sanduku la mota wala asishike waya, hata kama amesoma habari hizi.

Ampère alijua mkondo kwa matendo yake: sindano ilipogeuka, alijua kuna kitu kipitacho. Hakusema hakipo kwa kuwa hakukiona, wala hakusema amekijua chote. Alipima alichoweza, akakiri alichokuwa hajakifanya. Naye Mungu hatukumwona kwa macho. Mtu aliyebatizwa kweli hujulikana kwa jirani zake jinsi sindano inavyojulisha mkondo: hugeuka. Aliyekuwa mwizi huacha; aliyekuwa mkali kwa mke wake hutulia; aliyedhulumu katika mizani ya sokoni hurudisha. Tusipogeuka, watu watauliza kwa haki kama kuna kitu kipitacho ndani yetu.

MASWALI YA DARASANI

1. Ni nini kilichomwamsha Ampère baada ya kifo cha baba yake?
2. Eleza kwa mfano wa mto Lualaba tofauti ya msukumo na mkondo.
3. Kwa nini nyaya tatu za mota hupimwa moja moja?
4. Ampère alikiri nini mwishoni mwa kitabu chake, na sisi twajifunza nini kwa hilo?
5. Ozanam alisaidiwaje na mzee aliyekuwa akisali bila kujua kwamba anatazamwa?